Chawa wa Kondoo: Josho Moja Halitoshi

Kondoo anayejikuna kwenye ua hadi manyoya yanachomoka huenda ana chawa. Josho huua chawa, lakini mayai yao hubaki yamegandamana na manyoya na kuanguliwa baada ya siku 10 hivi. Hapo mfugaji hulalamika kwamba ameuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Kondoo aogeshwe tena baada ya siku 14, kabla chawa wachanga hawajaanza kutaga.

Waogeshwe wote siku moja, hata wa jirani mnaochunga pamoja. Chawa huhama kondoo wanapogusana, na mmoja tu aliyeachwa nyumbani huwarudisha zizini.

Manyoya marefu yakatwe kwanza, la sivyo dawa haifiki kwenye ngozi. Kondoo anyweshwe maji kabla ya josho, asije akanywa dawa. Amitrazi ichanganywe kwa kipimo cha kwenye chupa. Kuiongeza maji ili iwatoshe wengi ni kupoteza pesa. Dawa hiyo ni hatari kwa punda, na mabaki yake yakimwagwa mtoni huua samaki.