Hesabu Kabla ya Safari: Gharama za Kuhamia Ng'ambo na Familia

  Ndugu wanafunzi wa Rungwe Mpya, ninyi ndio mliotuletea swali la leo. Swali lenyewe ni hili: mtu akipata kazi ng'ambo yenye mshahara mkubwa, je, aende na mkewe na watoto, au aende peke yake kwanza?

Swali hili ni zito. Ukilijibu kwa haraka, waweza kupoteza shamba, nyumba na akiba ya miaka mingi. Kwa hiyo leo tutasoma na kufanya hesabu pamoja. Kila mmoja achukue daftari na kalamu. Kiongozi wa darasa asimame karibu na ubao.

Safari ya kutafuta fedha si jambo geni kwa watu wa Buha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Miaka iliyofuata, baba na babu zetu wengi walipanda gari la moshi wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Tangu mwaka 1944 wengi waliandikwa kazi na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Kila mtu alipewa namba yake, na ndiyo sababu wakaitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Ilimpasa atimize siku 30 za kazi katika muda wa siku 42, ndipo alipwe.

Kuna jambo moja katika habari ya manamba ambalo tunalihitaji leo. Malipo yao yalikuwa na mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa fedha. Fungu la pili lilikuwa posho ya chakula na mahali pa kulala kambini. Fedha zilikuwa kidogo, lakini mtu hakununua unga wala hakulipa kodi ya chumba. Basi tukumbuke neno hili: mshahara ni fedha unayopewa, pamoja na vitu ambavyo hulazimiki kuvinunua. Anayetazama fedha peke yake ametazama nusu ya mshahara.

Sasa tufanye zoezi la kwanza. Kiongozi, chora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto andika: TUNANUNUA. Upande wa kulia andika: HATUNUNUI.

Ndugu wanafunzi, hapa kijijini tunanunua nini? Chumvi, sukari, sabuni, nguo, daftari za watoto, dawa, nauli. Andikeni kushoto. Je, ni vitu gani hatununui? Mahindi, maharage na muhogo tunavipata shambani. Kuni twaokota. Nyumba tulijenga wenyewe, wala hakuna anayetudai kodi kila mwezi. Mtoto mdogo hulindwa na bibi yake. Tena kuanzia Januari 2016 shule za serikali za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne hazitozi ada. Kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka 2022. Andikeni hayo yote kulia.

Tazameni ubao. Mtu wa mjini akiiona orodha ya kulia, huenda akasema huyu mkulima ni maskini, hana mshahara. Lakini familia ikihama, orodha yote ya kulia huvuka mstari na kwenda kushoto. Unga utanunuliwa. Moto wa kupikia utanunuliwa. Maji yatalipiwa. Pa kulala patalipiwa. Hata kumlinda mtoto kutalipiwa, kwa kuwa bibi amebaki Rungwe Mpya. Hiyo ndiyo gharama ambayo wengi huisahau, kwa sababu nyumbani haikuwa na bei.

Sasa twende ng'ambo. Nitachukua mji wa Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa sababu Watanzania wengi hutafuta kazi kule. Fedha yao ni dirhamu. Tangu mwaka 1997 dola moja ya Marekani imewekwa kuwa dirhamu 3 na senti 67 hivi. Mshahara wa mfanyakazi kule haukatwi kodi ya mapato. Hiyo ni faida ya kweli, nasi hatuna budi kuisema.

Lakini sheria nayo ina masharti. Kwa kanuni ya mwaka 2019, mfanyakazi anayetaka kuwaita mke na watoto yapasa awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au dirhamu 3,000 ikiwa mwajiri anampa nyumba. Mwenye mshahara chini ya hapo hana ruhusa. Na mfanyakazi wa nyumbani, anayelala kwa mwajiri wake, kwa kawaida huenda peke yake. Kwa hiyo wakala akikuambia, "Nenda tu, familia itakufuata baadaye," mwulize: kwa mshahara gani, na kwa sheria ipi?

Zoezi la pili. Tuseme fundi mmoja amepewa kazi Dubai kwa mshahara wa dirhamu 6,000 kwa mwezi. Ana mke na watoto wawili wa shule. Mshahara wake, mishahara mingine nitakayotaja, kodi ya nyumba na matumizi ya kila mwezi ni mfano wetu wa darasani. Bei za kweli ni lazima aziulize mwenyewe. Lakini mafungu ya malipo ni ya kweli, ndivyo yalivyo kule.

Fundi huyu akizigeuza dirhamu 6,000 kuwa shilingi, atapata mamilioni. Hapo ndipo moyo unapodunda! Lakini ngojeni. Mkate hataununua kwa shilingi za Kasulu. Ataununua kwa dirhamu za Dubai. Mshahara na matumizi yapimwe kwa kibaba kimoja. Ukipima mshahara kwa shilingi na kuyasahau matumizi ya dirhamu, umejidanganya mwenyewe.

Tuanze na siku ya kuingia nyumbani. Tuseme kodi ya nyumba ni dirhamu 30,000 kwa mwaka. Wenye nyumba wengi wa Dubai wamezoea kulipwa kwa hundi chache kwa mwaka, wala si kila mwezi. Tuseme huyu amekubaliwa hundi nne. Andikeni:

Hundi ya kwanza: 7,500.
Dhamana kwa mwenye nyumba, asilimia 5 ya kodi ya mwaka: 1,500.
Malipo ya dalali, kwa kawaida asilimia 5: 1,500.
Dhamana ya umeme na maji kwa nyumba ya ghorofani: 2,000.

Jumlisheni. Mmepata ngapi? Dirhamu 12,500. Mshahara wa miezi miwili ni 12,000. Basi kabla hawajalala usiku wa kwanza, mshahara wa miezi miwili umekwisha, na deni la 500 juu yake. Ni kweli kwamba dhamana hurudishwa mtu akihama, kama hana deni na nyumba haina uharibifu. Lakini siku ile ni lazima ziwepo mkononi. Zitatoka wapi? Hapo ndipo watu huuza shamba au ng'ombe, au hukopa kwa riba.

Sasa matumizi ya kila mwezi. Andikeni:

Kodi ya nyumba: 2,500.
Ada ya mji, asilimia 5 ya kodi, hulipwa pamoja na umeme: 125.
Umeme na maji: 400.
Chakula: 1,500.
Nauli: 300.
Ada ya shule kwa watoto wawili: 1,000.

Jumla ni 5,825. Toa katika 6,000. Imebaki dirhamu 175. Na bado hatujataja nguo, simu, wala bima ya matibabu. Kule Dubai mwajiri humlipia bima mfanyakazi wake, lakini bima ya mke na watoto ni juu ya yule aliyewaita. Bado tiketi za kuja kuwaona wazee. Bado fedha za kumtumia mama kijijini.

Labda mtauliza, kwa nini ada ya shule? Kwa sababu watoto wengi wa wageni kule husoma katika shule za watu binafsi, na shule hizo hulipiwa. Na kwa nini umeme wa 400? Kwa sababu joto la kiangazi kule ni kali sana, na mashine ya kupoza hewa hufanya kazi usiku na mchana.

Sasa tufanye hesabu ya mtu yule yule akienda peke yake. Tuseme analala katika chumba pamoja na wenzake kwa dirhamu 700, anakula kwa 600, na nauli ni 200. Jumla ni 1,500. Imebaki 4,500 kwa mwezi. Tofauti ya 175 na 4,500 ni kubwa kama mlima na kichuguu. Na ni mtu mmoja, kazi moja, mshahara mmoja!

Nchi nyingine nazo zina malipo yake. Saudi Arabia, mwezi wa Julai 2017, ilianza kumtoza mfanyakazi mgeni riyali 100 kila mwezi kwa kila mtu wa familia anayeishi naye. Kiasi kikaongezwa mwaka hadi mwaka, hata Julai 2020 kikafika riyali 400. Mwenye mke na watoto watatu: 400 mara 4 ni riyali ngapi? Ni 1,600 kila mwezi, kabla ya kula. Huko Uingereza, mwezi wa Februari 2024 ada ya matibabu kwa wahamiaji wengi iliwekwa kuwa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mtoto. Tena hulipwa mbele, kwa miaka yote ya viza. Nanyi hesabuni wenyewe, baba, mama na watoto wawili kwa miaka mitatu. Jibu ni pauni 10,866.

Je, maana yake ni kwamba familia isihame kamwe? La, sivyo. Kutengana nako kuna gharama, ingawa haiandikwi katika daftari la dukani. Wazee wetu waliiona gharama hiyo wakati wa mkonge. Wako waliokwenda kwa mkataba mmoja wasirudi tena, na watoto wao wakakua bila baba. Mama anayebaki na jembe peke yake anabeba kazi ya watu wawili. Hilo nalo liwekwe mezani siku ya kupanga, na mama aulizwe kauli yake, asiambiwe tu.

Kumbukeni yale mafungu mawili ya mshahara. Wataalamu wa kigeni wanaokuja kufanya kazi katika nchi yetu mara nyingi huja na wake zao na watoto, nasi twastaajabu. Siri yao ni mkataba. Wengi wao hulipiwa na mwajiri nyumba, shule ya watoto, matibabu na tiketi za likizo. Hiyo ndiyo posho yao. Basi nawe, kabla ya kutia sahihi, uliza maswali haya matano, na majibu yaandikwe katika mkataba:

1. Nyumba ni ya nani, na nani anailipia?
2. Tiketi ya kwenda na kurudi ni juu ya nani? Je, ya mke na watoto?
3. Bima ya matibabu inawafikia watu wangapi?
4. Ada ya shule inalipwa na mwajiri au na mimi?
5. Kazi ikikatika kabla ya mkataba kwisha, nani ataturudisha nyumbani?

Kama majibu mengi ni "mwajiri," familia yaweza kwenda. Kama majibu mengi ni "wewe," aende mmoja kwanza, aweke akiba, aone bei kwa macho yake, kisha aandike barua nyumbani. Na kabla ya kumlipa wakala yeyote, nendeni mkamwulize Afisa Kazi, au ofisi ya huduma za ajira ya serikali, TaESA, kama wakala huyo ana kibali.

Neno la mwisho ni juu ya shamba. Msiuze shamba ili kununua safari. Shamba ndilo lile fungu la vitu msivyonunua, na kazi ya ng'ambo ikikatika ndilo litakalowapokea. Na nyumba mnayoishi mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja aiuze bila idhini ya mwenzake. Kinababa na kinamama, shikeni sana jambo hili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi sasa mnajua kusoma, kuandika na kujumlisha. Mtu asiwadanganye tena kwa tarakimu kubwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taja vitu vitano ambavyo familia yako haivinunui. Vingegharimu kiasi gani kwa mwezi kama mngevinunua katika soko la Kasulu?
2. Yule fundi akipewa nyumba na mwajiri, asilipe kodi wala ada ya mji, atabakiwa na dirhamu ngapi akiwa na familia yake?
3. Kama ungekuwa mke wa fundi yule, ungempa shauri gani, na kwa sababu zipi?

Jibu la swali la pili: 2,500 na 125 ni 2,625. Jumlisha na zile 175. Atabakiwa na dirhamu 2,800. Mmeona nguvu ya posho!