Kumtambua Nyoka Aliye Karibu na Nyumba: Mada kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii, Munje



Nimepewa mada ya kumtambua nyoka aonekanaye karibu na nyumba, ambaye huenda ana sumu. Naweka msimamo wangu mbele ili anayeupinga ajiandae mapema. Kumtambua nyoka ni kazi ya macho, tena ya mbali. Panga halina nafasi. Ukiona huwezi kumjua mpaka umsogelee, sema humjui na urudi nyuma. Jibu hilo linatosha, kwa kuwa nyoka asiyejulikana tunamwekea tahadhari zile zile za nyoka mwenye sumu.

Kwanza kuna kanuni zinazozunguka kwenye simu zetu: mwenye kichwa cha pembetatu ana sumu, mwenye mboni ya duara hana. Huko Marekani zina maana kidogo, kwa sababu nyoka wengi wa sumu wa kule ni wa ukoo wa bafe. Hapa kwetu zinaweza kuua. Hongo ana sumu kali, ila mboni yake ni ya duara. Koboko vilevile, na swila vilevile. Kinyume chake, yupo nyoka mdogo anayekula mayai ya ndege, hana sumu wala meno ya maana, ila mboni yake imesimama wima kama ya paka, na akitishwa hutanua kichwa na kusugua magamba mpaka yatoe sauti ya kutisha. Kwa kanuni ya simu, huyo ndiye angepigwa, na hongo angeshikwa mkononi.

Rangi nayo isitudanganye. Chukua mwembe au mkorosho wowote wa hapa Munje na useme umeona nyoka wa kijani. Wapo angalau watatu wa kufikiria. Wa kwanza ni ukukwi: mwembamba, mwepesi, aghalabu hafiki mita moja na nusu, hana madhara kwa mtu, na chakula chake ni vyura na mijusi. Wa pili ni hongo, ambaye pwani hii, kutoka Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, ndiyo makao yake. Huyo hukua hadi mita mbili na zaidi. Kichwa chake ni kirefu, jicho ni la kiasi tu, magamba ni laini, na mwili wote ni wa kijani kibichi kisicho na madoa. Hupenda kukaa juu, hutembea mchana, na akikusikia mara nyingi huondoka kimya kimya. Wa tatu ni yule ambaye Makaburu walimwita bumslangi, kwa jina la kisayansi Dispholidus typus. Kichwa chake ni kifupi, jicho ni kubwa kupita kiasi, na magamba yake yanakwaruza. Wa kijani aghalabu ni dume. Jike huwa wa kahawia. Akikasirika huvimbisha shingo. Kwa hiyo anayesema "nilimwona wa kahawia, basi si yule wa mwembeni" amejihakikishia bure.

Bumslangi anastahili maneno zaidi. Mwezi Septemba 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chicago, ilimpelekea Karl P. Schmidt nyoka mchanga ili amtambue. Schmidt alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani wakati huo. Alimshika kwa mkono, akaumwa kwenye kidole gumba. Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo na jeraha dogo, hakutafuta matibabu. Alikaa akiandika dalili zake mwenyewe. Siku iliyofuata alikufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Sumu hiyo huharibu uwezo wa damu kuganda, na yaweza kukaa kimya kwa saa nyingi kabla ya fizi kuanza kutoa damu. Mwalimu wa walimu alipoteza maisha katika kazi hii hii tunayoijadili leo, naye alikuwa na vitabu mezani.

Wala tusidhani elimu hii imekamilika. Swila mkubwa wa kahawia atemaye mate alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa rangi tofauti tu ya swila mweusi. Ni mwaka 2007 ndipo Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipomtangaza kuwa aina ya pekee, wakampa jina Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu. Alikuwa akitambaa hapo hapo pwani siku zote.

Tushuke chini sasa. Bafe ni rahisi: mnene, mfupi, mwenye alama za V mgongoni, hukaa tuli kwenye majani makavu na mara nyingine hutoa mlio kabla ya kuuma. Hatari yake ni kwamba hakimbii, nawe unamkanyaga usiku ukielekea chooni bila tochi. Swila husimama na kutanua shingo. Anayetema hulenga macho, na mate yake hufika mita mbili au tatu. Jicho likipatwa, oshea maji mengi safi papo hapo, kisha nenda hospitali. Halafu yupo nyoka wa nyumbani wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe kichwani, asiye na sumu, ambaye huingia bandani kwa ajili ya panya na hufa badala ya swila. Sikatai kwamba gizani wanafanana.

Ninayemwogopa zaidi kwa vijana jasiri ni mdogo mweusi wa ardhini, jamii ya Atractaspis. Hutokea usiku baada ya mvua, aghalabu hafiki nusu ya urefu wa mpini wa jembe. Wanaojua kushika nyoka humbana nyuma ya kichwa. Kwake mbinu hiyo haifai, maana jino lake hutoka kando ya mdomo na kuchoma kidole hata akiwa amefumba. Na sumu yake haina dawa ya kuipinga.

Hapo ndipo watu huniuliza: bila kumpeleka nyoka, daktari wa hospitali ya Msambweni atajuaje? Atajua kwa mwili wa mgonjwa. Kope zikilegea, mate yakijaa na pumzi ikiwa nzito, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, ya hongo, koboko au baadhi ya swila. Mguu ukivimba na kuota malengelenge, fikiria bafe au swila atemaye. Kwa damu, mililita mbili hutiwa katika chupa safi kavu ya kioo na kuachwa dakika 20. Isipoganda, hatari ipo. Dawa ya mchanganyiko itokayo Afrika Kusini inawahusu bafe, koboko, hongo na swila, lakini bumslangi ana yake peke yake. Basi msiwashinikize wauguzi wamchome kila aliyeumwa: nyoka mara nyingine huuma bila kutia sumu, na dawa yenyewe yaweza kumdhuru mtu asiyeihitaji.

Kichwa kilichokatwa bado huuma, kwa hiyo nyoka abaki alipo. Picha moja ya simu kutoka mita tano, ikikuzwa, inanitosha. Mtu akiumwa, jiwe la nyoka, wembe na kamba ya kubana mguu viachwe. Vueni pete na bangili, mguu utulizwe kwa kipande cha ubao, na bodaboda iondoke.

Wavuvi sikuwasahau. Bahari yetu ina nyoka mmoja tu wa kweli, mweusi mgongoni, wa manjano tumboni, mkia bapa. Wengi mnaowatoa nyavuni mkiwaita nyoka ni mikunga: hawana magamba ya nyoka, wana mashavu ya samaki, na hawahitaji kuja juu kuvuta pumzi. Huyo wa kweli akitupwa ufukweni hawezi kutambaa vizuri, ila kuuma anaweza, na watoto ndio wa kwanza kumfikia. Mwekeni mtu wa kuwazuia. Maji yakijaa yatamchukua.