Mabinti Watano Mlangoni pa Hema



Mji wetu wa Homa Bay siku hizi ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Tom Mboya kilipata hati yake mwaka 2022, na vijana wametujia kutoka pande nyingi. Jioni moja nilialikwa na vijana wa chuo kuketi nao wakizungumza waziwazi juu ya jambo ambalo nyumbani husemwa kwa kunong'ona: namna tunavyompima mtoto wa kike kwa kipimo kimoja, na wa kiume kwa kingine.

Kijana mmoja alisema, "Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Nimejenga simba yangu, na sasa wote wanitazamia niwasomeshe wadogo zangu. Kazi sina. Nikilalamika, naambiwa mwanamume halii." Wenzake walinyamaza kimya, maana alikuwa ameyasema yao.

Kisha akasimama msichana. "Kasisi, baba yetu amefariki. Tumezaliwa wasichana watupu. Baba zetu wadogo wamechukua shamba, wakisema sisi ni watu wa kuolewa. Je, kanisa lasemaje?"

Nilimjibu upesi, "Binti yangu, uwe na subira. Wazee wanajua mila." Akaketi. Hakusema neno tena jioni ile.

Usiku sikupata usingizi. Nikafungua kitabu cha Hesabu, mlango wa 27. Nilisoma katika chuo cha theolojia, nami nimehubiri miaka mingi, lakini habari hiyo sikuwahi kuihubiri hata mara moja. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti wa Selofehadi, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote. Baba yao alikuwa amekufa jangwani bila mwana wa kiume. Wakaomba urithi wake, tena hadharani.

Musa angeweza kuwaambia kwamba mila yajulikana. Hakufanya hivyo. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akawapa haki mabinti wale, tena akalifanya neno hilo kuwa sheria kwa Israeli. Musa, mtu mkubwa vile, aliuliza kwanza. Mimi, mtumishi mdogo, nilijibu kabla ya kuuliza.

Ndugu zangu, hata sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yasema watoto bila kuwatenga wa kike, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa jinsia. Wala kumsikiliza mwanamke si jambo geni kwetu. Watu wa Karachuonyo walimchagua Mama Phoebe Asiyo kwenda Bungeni mwaka 1979, na mwaka 2022 kaunti yetu ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana. Ikiwa twaweza kumkabidhi mwanamke kaunti nzima, twaogopa nini kumwachia binti shamba la baba yake?

Juma lililofuata nilirudi kwa vijana wale wale, nikamwomba binti yule msamaha mbele yao. Tangu hapo nimekwenda naye kwa baba zake wadogo mara mbili. Shauri halijaisha. Safari ya kwanza tulisimama uani. Safari ya pili walitupa viti.

Mzazi unayenisikia, leo kabla ya kulala mwulize binti yako, na mwanao wa kiume pia, ni mzigo gani uliomtwika wewe mwenyewe. Akikujibu, usiwe mwepesi wa kusema kama nilivyokuwa mimi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewasikiliza mabinti watano mlangoni pa hema, tufungue masikio. Utusamehe kila mtoto tuliyemketisha chini kabla hujasema nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.