Kampuni Iwaite Wadai Mapema

Mahakama Kuu ya Kenya ilipoiweka Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, chini ya msimamizi Januari 2018, rafu za maduka yake mengi zilikuwa tupu tayari. Waliokuwa wakiiletea bidhaa walikuwa wamechoka kungoja malipo, na wenye majengo walidai kodi. Miaka 2 baadaye, wadai walipiga kura kampuni ifungwe.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni ikae na wadai wake, wakubaliane upya namna ya kulipana huku kazi ikiendelea. Ikihitaji kinga kubwa zaidi, huteuliwa msimamizi, na tangu hapo mdai hawezi kukamata mali bila idhini yake au ya mahakama. Mwaka 2021 Bunge liliongeza nafasi ya kusitisha madai kwa muda mfupi, kampuni ijipange kabla haijafilisika.

Kinachokosekana ni ujasiri wa kusema mapema. Wakurugenzi wengi huona aibu, wakakopa benki ya pili ili kuilipa ya kwanza, na mkulima aliyeleta mboga kwa mkopo akazungushwa miezi. Kampuni ikianguka, benki yenye dhamana huchukua ilichoshikilia. Mkulima yule hana dhamana, naye hungojea masalio, kama yapo. Ndiye ninayemwonea uchungu.

Mkurugenzi unayenisikiliza, ikiwa mishahara ya mwezi ujao inategemea mkopo mwingine, muone wakili na uwaite wadai wako wiki hii.