Nani Anaichora Bahari ya Hindi? Sera za Nje, Ulinzi na Nafasi ya Pwani ya Afrika Mashariki



Tarehe 27 Agosti 2016, katika jumba la KICC jijini Nairobi, Waziri Mkuu wa Japani Shinzo Abe aliuambia mkutano wa sita wa TICAD, unaozikutanisha Japani na nchi za Afrika, kwamba nchi yake inataka bahari mbili, Hindi na Pasifiki, ziwe huru na wazi, na ziyaunganishe mabara mawili, Asia na Afrika. Dhana ya "Indo-Pasifiki huru na wazi", inayonukuliwa leo Washington, Canberra na Brussels, ilizinduliwa hapo, kwenye ardhi ya Afrika Mashariki. Sisi wenyeji tulishughulika zaidi na dola bilioni 30 zilizoahidiwa siku ile.

Haikutimia miaka miwili, Marekani nayo ikaipokea dhana hiyo. Tarehe 30 Mei 2018 kamandi yake ya Pasifiki ilipewa jina jipya la Kamandi ya Indo-Pasifiki, na Waziri wa Ulinzi Jim Mattis akatania kwamba eneo lake linatoka Bollywood hadi Hollywood. Kwa lugha ya kijeshi utani huo ulikuwa ukweli mtupu. Mpaka wa magharibi wa kamandi hiyo unafuata upande wa India. Mombasa, Unguja, Mtwara na Nacala haziko ndani. Dhana iliyotangazwa Nairobi ilipofika Washington ilikuwa imekwisha kuitoa Nairobi.

Hoja ninayoileta mbele yenu inatokana na tofauti hiyo. Taifa linapounda sera yake kuhusu bahari inayogombewa, huanza kwa kuamua bahari hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi. Manowari, mikopo ya bandari, mazoezi ya kijeshi na hotuba za mawaziri hufuata baadaye, na hufuata mstari uleule. Kwa hiyo anayetaka kujua nia ya nchi fulani katika Bahari ya Hindi asome kwanza ramani yake, kisha ndipo asome tamko lake.

Tuanze na India, kwa kuwa bahari hii imebeba jina lake. Mwanahistoria na mwanadiplomasia K. M. Panikkar aliandika mwaka 1945, kabla hata ya uhuru, kwamba mustakabali wa India utaamuliwa baharini. Serikali zilizofuata hazikumsikiliza sana, kwani macho yao yalikuwa kwenye milima ya kaskazini, walikopigana na Pakistani na China. Mabadiliko yalikuja polepole. Machi 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza akiwa Mauritius dira inayojulikana kwa kifupi kama SAGAR, ya usalama na ukuaji kwa wote katika eneo hili. Miaka mitatu baadaye, Singapore, akasema Indo-Pasifiki yake inatoka pwani za Afrika hadi pwani za mabara ya Amerika. Ramani hiyo inatugusa moja kwa moja, na haikubaki kwenye karatasi. Aprili 2025 India na Tanzania ziliandaa kwa pamoja, Dar es Salaam, zoezi la wanamaji lililopewa jina AIKEYME, likihusisha pia nchi nyingine za Afrika zikiwemo Kenya, Msumbiji, Madagaska, Komoro na Afrika Kusini.

China hailitumii kabisa neno Indo-Pasifiki. Waziri wake wa Mambo ya Nje Wang Yi alilifananisha mwaka 2018 na povu la baharini, lionekanalo kidogo kisha likatoweka. Ramani ya China haina umbo la eneo, ni njia. Inatoka bandari zake za mashariki, inapenya Mlango wa Malaka, inapita Sri Lanka na kufika Ghuba na Bahari ya Shamu, njia inayopitisha sehemu kubwa ya mafuta yake. Tangu mwaka 2003 viongozi wa Beijing wamekuwa na hofu kwamba adui anaweza kuifunga njia hiyo pale Malaka. Uharamia wa Somalia uliwapa sababu halali ya kuja: Desemba 2008 manowari zao zilifunga safari kwenda kufanya doria katika Ghuba ya Aden, na Agosti 2017 wakafungua Jibuti kituo chao cha kwanza cha kijeshi nje ya nchi. Jibuti ileile tayari ilikuwa na Wafaransa, Wamarekani, Waitaliano na Wajapani. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo wapinzani wanapanga nyumba kwa mwenye nyumba mmoja na kusikia milio ya ndege za wenzao kila asubuhi.

Ufaransa huitazama bahari hii kama mkazi. Ina Réunion, ina Mayotte iliyofanywa jimbo kamili mwaka 2011 ilhali Komoro inaidai, na ina visiwa vidogo vilivyotawanyika katika Mlango wa Msumbiji ambavyo Madagaska inavidai pia. Karibu na visiwa hivyo kuna ukanda wa kiuchumi unaoipa Paris haki ya samaki na rasilimali za chini ya bahari. Ndiyo maana Ufaransa inapozungumzia Indo-Pasifiki huanzia mlangoni petu, na ndiyo maana pia haipendi sana mjadala wa mipaka ya kikoloni uendelee mno. Desemba 2020 ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Nchi Zinazopakana na Bahari ya Hindi, IORA, yenye makao yake Mauritius. Tanzania, Kenya na Komoro zimo katika jumuiya hiyohiyo.

Marekani ndiyo yenye ramani ya ajabu kuliko zote. Kamandi zake tatu hukutana katika kona yetu: ya Indo-Pasifiki, ya Afrika, na ile inayoangalia Mashariki ya Kati na Bahari ya Shamu. Shelisheli na Mauritius ziko chini ya kamandi ya Afrika. Diego Garcia, kisiwa chenye kituo cha kijeshi cha Marekani, iko chini ya ile ya Indo-Pasifiki. Mchoro huu una matokeo. Kwa maofisa wa kamandi ya Afrika, bahari hii ni upande wa nyuma wa vita dhidi ya al-Shabaab. Kwa wale wa Indo-Pasifiki, ni upande wa nyuma wa ushindani na China. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kwake ni uso wa mbele. Kuanzia Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu na kampuni kubwa zikazigeuza meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, msongamano huo ulipita katika bahari yetu hii, huku mijadala mikubwa ya usalama ikifanyika mbali nayo.

Ndugu Mwenyekiti, inatuvutia kusema kwamba ramani huchorwa na wenye manowari na wengine wote ni watazamaji. Kisa cha Chagos kinakataa. Mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Mauritius, Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka koloni hilo, ikalipa pauni milioni 3, kisha ikaikodisha Diego Garcia kwa Marekani. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakazi wote wa visiwa hivyo waliondolewa, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli. Kwa hesabu ya nguvu, mambo yalikuwa yamekwisha: Mauritius haina hata jeshi la kudumu. Ikaenda njia ya sheria. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza ikomeshe utawala wake huko haraka iwezekanavyo, na Mei mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Mei 22, 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka ya visiwa hivyo, huku kituo cha Diego Garcia kikibaki kwa ukodishaji wa miaka 99. Wachagosi wengi wanalalamika, kwa haki kabisa, kwamba hawakuulizwa. Hata hivyo, kwa nchi isiyo na manowari ya maana, kulazimisha dola kubwa ikae mezani kuzungumzia kodi ya nyumba ni jambo la kusomwa kwa makini hapa.

Shelisheli nayo inafundisha, kwa njia nyingine. Ardhi yake ni kilomita za mraba zisizofika 500, lakini ukanda wake wa kiuchumi baharini unazidi kilomita za mraba milioni 1.3, ilhali Tanzania ina takriban 223,000 tu. Mwaka 2015 ilikubaliana na India kujenga miundombinu ya kijeshi katika kisiwa cha Assumption, na mkataba ulioboreshwa ukatiwa saini Januari 2018. Wananchi waliandamana, Bunge lililokuwa mikononi mwa upinzani likakataa kuuridhia, na mradi ukafa. India haikugomba, ilielekeza nguvu kwenye Agaléga ya Mauritius, ambako njia ya kurukia ndege na gati vilizinduliwa Februari 29, 2024. Na bado, Desemba 2023, Shelisheli ilionekana kwenye orodha ya kwanza ya nchi zilizojiunga na operesheni ya Marekani katika Bahari ya Shamu. Nchi yenye watu wasiozidi wakazi wa kata kadhaa za Dar es Salaam inachagua nani aingie, aingie vipi, na lini.

Nije kwetu. Tanzania haikuwa mgeni katika uchoraji wa bahari hii. Mwaka 1971 Sri Lanka ilipopeleka Umoja wa Mataifa hoja ya kuifanya Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, Tanzania iliungana nayo, na azimio likapitishwa Desemba 16 kwa kura 61, bila hata moja ya kupinga, nchi 55 zikijizuia. Dola kubwa nyingi zilikuwa miongoni mwa waliojizuia, na azimio hilo halikutekelezwa kamwe. Lakini tulikuwa na ramani yetu, nayo ilisema wazi: vituo vya kijeshi vya nje havitakiwi hapa.

Leo tunapokea wote. Katikati ya mwaka 2024 wanajeshi wa China, Tanzania na Msumbiji walifanya mazoezi ya pamoja ya nchi kavu na majini nchini Tanzania. Miezi tisa hivi baadaye ikawa zamu ya India. Novemba 2022 uhusiano na Beijing ulipandishwa hadhi, na Oktoba 2023 uhusiano na Delhi ukapandishwa pia. Wapo wanaouona huu kuwa ukosefu wa msimamo. Sikubaliani nao. Kupokea wote bila kumpa yeyote kituo cha kudumu ni mkakati halali kwa nchi isiyo na uwezo wa kulinda bahari yake peke yake. Tatizo langu ni kwamba mkakati huu unaendeshwa kwa mazoea. Hakuna mahali palipoandikwa kitu gani mgeni hawezi kufanya.

Na uwezo wa kulinda kweli ni mdogo. Wengi wenu mnaikumbuka meli ya uvuvi Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 katika maji yetu na shehena ya "samaki wa Magufuli", kama walivyoitwa mitaani. Kilichosahaulika ni kwamba ilikamatwa kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika Kusini, na kwamba kesi iliporomoka mahakamani. Hatukuwa na jicho la kutosha baharini, wala ushahidi uliopangwa vizuri nchi kavu.

Kenya imepata somo gumu zaidi, la mstari wenyewe. Mwaka 1975 na 1976 Kenya na Tanzania zilikubaliana kwa barua kwamba mpaka wao wa bahari ufuate mstari wa latitudo. Kenya ilitarajia mstari wa namna hiyo upande wa Somalia pia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya Oktoba 12, 2021, ilikataa hoja kwamba Somalia ilikwisha kuukubali mstari huo, ikatumia mstari wa umbali sawa na kuusogeza kidogo kuelekea kaskazini kwa kuzingatia mbonyeo wa pwani nzima, pamoja na kuwapo kwa kisiwa cha Pemba. Sehemu kubwa ya eneo lililogombewa ikaenda Somalia. Kenya ilikuwa imekwisha kujitoa katika shauri, na ikaikataa hukumu. Makubaliano ya majirani wawili, yaliyoandikwa kwa nia njema, hayakumfunga jirani wa tatu.

Pale Kenya ilipotutangulia ni kwenye sheria ya ndani. Ibara ya 240 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inataka Baraza la Usalama la Taifa lipate idhini ya Bunge kabla ya majeshi ya kigeni kuruhusiwa kuwekwa nchini. Kwetu Tanzania, ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango. Makubaliano ya mazoezi, ya kubadilishana taarifa za meli, ya kujaza mafuta manowari, au ya kuweka rada kisiwani, yanaweza kuandikwa yasihitaji kuridhiwa, na yakapita bila mbunge mmoja wala mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kuyasoma. Zanzibar, ambayo imeufanya uchumi wa buluu kuwa ajenda yake kuu tangu mwaka 2020, ina maslahi makubwa katika kila mstari wa maji hayo, ingawa ulinzi na mambo ya nje ni mambo ya Muungano.

Napendekeza basi vikundi vyetu vya kazi vya mchana viache mjadala wa nani rafiki bora kati ya Delhi, Beijing na Washington. Vianze kuandika orodha fupi: ni shughuli zipi za kijeshi za kigeni katika ukanda wetu wa kiuchumi zipelekwe Bungeni hata kama hazijaitwa mkataba, na Zanzibar ishirikishwe katika hatua gani kabla ya saini.