Tumwulize Jina Lake: Mgonjwa wa Akili na Wajibu wa Jirani

(Hotuba ya Kamati ya Seva katika maadhimisho ya mwaka ya mandir yetu, Tanga)



Katika sherehe kama hii ni desturi kuhesabu mema: sakafu iliyowekwa marumaru, ukumbi uliopakwa rangi, sahani za chakula zilizogawiwa. Mema hayo yameelezwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na waliotoa mali na nguvu zao wanastahili shukrani. Sisi wa Kamati ya Seva tumeomba nafasi tuseme jambo ambalo halina picha.

Kwa miaka kadhaa kijana mmoja alikuwa akilala kwenye baraza lililo nje ya lango letu. Alizungumza na watu tusiowaona, akaokota makaratasi na kuyapanga kwa utaratibu alioujua mwenyewe. Kila asubuhi baada ya aarti tulimpa prasad, tukadhani huo ndio wema wote. Ilipokaribia Diwali, wageni wakitarajiwa, tulimwagiza mlinzi amsogeze mbali. Mlinzi akatii. Usiku wa sikukuu taa zetu zilikuwa nyingi, na baraza lilikuwa safi.

Baada ya miezi miwili tulimwona tena. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati lililofuliwa, ameketi kando ya mama anayeuza chakula ng'ambo ya barabara, akimenya viazi. Mama yule alikuwa amemtafuta dada wa kijana, na wote wawili wakampeleka kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali. Tulipomwuliza alimfahamuje, alitutajia jina la kijana na jina la baba yake. Sisi tuliompa prasad miaka yote ile hatukuwahi kumwuliza jina. Tuliona aibu, na hotuba hii imezaliwa na aibu hiyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya watu 300 duniani, na mara nyingi huanza ujanani, wakati mtoto anamaliza shule au anaanza kazi. Mgonjwa husikia sauti, hushikilia imani ambazo hoja haziziondoi, au hujitenga na kunyamaza. Upo pia ugonjwa wa baipola, unaompandisha mtu katika msisimko usio na usingizi, kisha ukamshusha katika huzuni nzito. Magonjwa haya hayaletwi na uvivu wala utovu wa adabu. Wapo kwetu wanaosema ni karma ya maisha yaliyopita. Wapo kwa majirani wanaosema ni mapepo au kurogwa. Hatukuja kubishana juu ya mambo ya ghaibu. Twasema tu kwamba hata anayeamini hivyo hajaondolewa wajibu. Mwenye kumkuta jirani amevunjika mguu hamhesabii dhambi zake kabla ya kumbeba.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na baadaye mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na hata leo jina lake hutumika mitaani kama tusi. Mtoto akikosea kidogo huambiwa atapelekwa Mirembe. Mwenzake ambaye kaka yake yuko kule kweli husikia maneno hayo, akainamisha kichwa.

Hospitali hizo zina kazi yake, na hatuzibezi. Lakini mgonjwa hulazwa wiki kadhaa, na huishi nasi mtaani miaka mingi. Akirudi akakuta chumba cha uani kimewekewa kufuli, na jina lake halitajwi tena mezani, dawa peke yake haitamtosha.

Katika nchi ya mababu zetu wapo waliolitambua hilo mapema. Miaka ya 1950, huko Amritsar, daktari Vidya Sagar aliwakaribisha jamaa za wagonjwa wakae katika mahema kwenye uwanja wa hospitali. Waliwahudumia wagonjwa wao, wakajifunza dalili na dawa, na siku ya kurudi nyumbani mgonjwa alirudi na watu waliokwisha kuuelewa ugonjwa wake.

Upo pia mfano unaoihusu mandir. Mwaka 2002 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa katika mandir ya Muthuswamy, jimbo la Tamil Nadu. Wagonjwa 31 walikaa pale pamoja na jamaa zao kwa wastani wa wiki 6. Hawakufanyiwa ibada maalumu ya tiba. Walishiriki sala za kila siku na kazi nyepesi, kama vile kufagia na kumwagilia mimea. Dalili zao zilipungua kwa karibu asilimia 20. Wagonjwa hao walikuwa wachache, na hawakulinganishwa na kundi jingine. Hivyo asiwepo atakayesema kwamba mandir yatosha badala ya kliniki. Tunachojifunza ni kwamba kukaribishwa, kupewa kazi ndogo, na kuwa na ndugu kando ni sehemu ya uponyaji, na mambo hayo matatu sisi tunayo.

Yapo pia ya kujihadhari nayo katika ibada zetu wenyewe. Usiku tisa wa Navratri ni furaha kwetu, lakini kukosa usingizi usiku baada ya usiku kwaweza kumwamshia mgonjwa wa baipola msisimko wake. Acheze garba mapema, kisha arudi nyumbani alale. Anayetumia dawa ya lithiamu asifunge bila maji, maana maji yakipungua mwilini dawa hiyo huweza kuzidi kiasi na kuwa sumu. Amwone daktari kabla ya kufunga. Na mwenye kutetemeka, kukakamaa misuli au kunenepa kwa sababu ya dawa asiiache kimya kimya. Amweleze daktari, naye ataipunguza au kuibadilisha. Wengi huacha dawa kwa sababu wamepata nafuu, wasijue kwamba nafuu hiyo imeletwa na dawa.

Kwa familia za jumuiya yetu, twasema kwa heshima: tunajua kwamba zipo nyumba ambamo binti au kijana amefichwa chumbani kwa miaka, ili ndoa za ndugu zake zisivunjike. Hatuwalaumu, kwani sisi sote ndio tulioifanya aibu hiyo iwe nzito. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Njooni kwetu kwa siri mkitaka. Tutakwenda kliniki pamoja nanyi. Na mgonjwa akisema anataka kujiua, msimwache peke yake, wala msingoje kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kamati imeazimia mambo matatu, na leo twaomba ridhaa yenu. La kwanza, vyumba viwili vya dharmashala vitengwe kwa wagonjwa na jamaa zao wanaotoka vijijini, walale humo usiku wa kuamkia siku ya kliniki, wa dini yoyote, bila malipo. La pili, sehemu ya sadaka za kila mwezi iwe nauli ya wanaokwenda kuchoma sindano zao, maana wengi hukosa sindano kwa kukosa nauli tu. La tatu halina gharama: mlinzi asimwondoe tena mtu yeyote barazani kabla ya kumwuliza jina na kutuita.

Wapo waliotuuliza kama wageni hawataogopa. Tunawajibu kwamba wagonjwa wengi wa akili si watu wa kupiga wala kudhuru. Wao ndio hupigwa na kupokonywa. Atakayechafuka siku moja, tutatafuta msaada wa hospitali, kama tunavyoutafuta kwa mwenye kifafa au shinikizo la damu.

Kijana yule hajapona kabisa. Wakati wa masika dada yake alisafiri, naye akakosa sindano, akarudi kulala barazani na makaratasi yake. Safari hii mlinzi alimwita kwa jina. Aliinua kichwa, akamfuata hadi kwa mama wa chakula, na kesho yake watatu wetu tulimsindikiza kliniki. Tulikaa naye kwenye benchi kutwa nzima. Tulikuwa na mengi ya kuulizana.

Mungu awalinde wagonjwa wetu na wanaowauguza. Namaste.