Nyaatha wa Gikondi: mtawa aliyebisha hodi kila boma

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu historia na maisha ya Parokia Katoliki ya Gikondi, eneo la Mukurwe-ini, Kaunti ya Nyeri.



Mama wa Gikondi katika miaka ya 1920, ambaye mwanawe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta pesa, hakuwa na njia rahisi ya kumjulia hali. Kodi ya nyumba ilikuwa imewasukuma vijana wengi kutoka vijijini. Mmoja alienda bandarini, mwingine akawa mpishi Nairobi, mwingine akaingia mashamba ya walowezi. Miezi ilipita kimya. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Basi alishuka bonde, akapanda ng'ambo ya pili hadi misheni, akaketi na kusema yote aliyotaka kumwambia mwanawe. Mtawa mmoja Mwitaliano alimsikiliza, akachukua kalamu, akaandika.

Kazi hiyo ya barua aliifanya kwa miaka, mara nyingi usiku baada ya kazi za mchana, hata akajulikana kuwa karani wa maskini. Jina lake la kitawa lilikuwa Sista Irene Stefani. Lakini watu wa Gikondi hawakumwita hivyo. Walimwita Nyaatha. Kwa wasiojua Kikuyu, tha ni huruma, na Nyaatha ni mama mwenye huruma. Jina la namna hiyo halitolewi na askofu wala serikali. Hutolewa na majirani baada ya kumtazama mtu kwa muda mrefu.

Kabla ya kuendelea na habari zake, ni vyema kueleza misheni yenyewe ilifikaje. Wamisionari wa Konsolata walitoka Torino, Italia, katika shirika lililoanzishwa na Padri Giuseppe Allamano mwaka wa 1901. Wanne wa kwanza, mapadri wawili na mabruda wawili, walifika Tuthu mwishoni mwa Juni 1902, wakapokewa na Chifu Karuri wa Gakure. Tuthu leo iko katika Kaunti ya Murang'a, chini ya msitu wa Aberdare, na misa ya kwanza huko ilisomwa tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Karuri hakukimbilia ubatizo. Aliwatazama wageni wake kwa miaka mingi, akabatizwa mwaka wa 1916. Kutoka Tuthu misheni zilisambaa kwenye miinuko ya Murang'a na Nyeri, na Gikondi ikawa miongoni mwazo. Masista wa Konsolata walianza kufika nchini mwaka wa 1913.

Historia hiyo si asali tupu, na haifai kusimuliwa kana kwamba ni asali tupu. Misheni zilikuja wakati mmoja na utawala wa kikoloni, zikapewa ardhi na utawala huo, na mila nyingi za wenyeji zikaitwa dhambi na watu ambao walikuwa hawajazielewa. Mwaka wa 1929 mzozo kuhusu tohara ya wasichana uliwagawa Wakikuyu na misheni, hasa zile za Kiprotestanti, na shule huru za wenyeji zikapata nguvu. Katika hali kama hiyo, mgeni mweupe aliyebisha hodi kwenye boma la mtu alikuwa na sababu ya kutiliwa shaka. Inafaa kulikumbuka hilo ili uzito wa jina Nyaatha ueleweke.

Sista Irene alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, wilaya ya Brescia, kaskazini mwa Italia. Alifika Kenya mwanzoni mwa 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimeshaanza. Hakupata nafasi ya kutulia darasani. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana Afrika Mashariki, na kwa kuwa magari yalikuwa machache na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, mabegi, risasi na chakula vilibebwa na watu. Wabebaji hao walichukuliwa kwa maelfu kutoka vijiji vya Kenya, wengi kwa lazima. Neno la Kiingereza la kikosi chao ndilo lililozaa majina Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa kuhara, malaria, vichomi na njaa.

Kati ya 1916 na 1919 Sista Irene alihudumu katika hospitali za wabebaji hao, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali ni neno kubwa. Palikuwa na mabanda na wagonjwa waliolala chini kwa safu. Kuna kisa cha Kilwa ambacho wazee wa Kanisa hukisimulia hadi leo. Sista alirudi kumtafuta mgonjwa mmoja aliyemwacha hali yake ikiwa mbaya, akaambiwa amekufa na amepelekwa ufukoni pamoja na maiti nyingine kusubiri maji ya bahari yajae. Alikwenda ufukoni. Akaanza kuwasogeza wafu mmoja mmoja hadi akamfikia mtu wake, akakuta bado anapumua. Alirudishwa bandani.

Wengi wa wabebaji hawana makaburi wala majina mahali popote. Familia za Nyeri zilizopoteza babu katika vita hivyo zinajua jambo hili vizuri. Mtu aliondoka, hakurudi, na hakuna karatasi iliyofika nyumbani kueleza. Pengine mtawa aliyeona hayo ndiye angeelewa kwa nini mama wa kijijini anahangaika kutaka barua moja tu kutoka Mombasa.

Mwaka wa 1920 alipelekwa Gikondi, akakaa huko miaka kumi, hadi mwisho wa maisha yake. Asubuhi alifundisha. Baada ya masomo alitoka kwa miguu. Anayeijua Mukurwe-ini anajua maana ya kutoka kwa miguu huko: boma la jirani unaliona kwa macho, lakini katikati kuna bonde lenye mto, na wakati wa mvua udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Alienda kuwaita watoto waliokosa shule, kuwasihi wazazi wawaachie wasichana wasome, kuwatazama wagonjwa na akina mama waliojifungua. Alipitia kila boma, la Mkristo na lisilo la Mkristo.

Mwezi wa Oktoba 1930 tauni iliingia Gikondi. Ugonjwa huo haukuwa mgeni nchini, kwani mwaka wa 1902 maduka ya soko la Wahindi Nairobi yalichomwa moto kwa sababu yake. Tauni husababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya viroboto wa panya. Panya wakifa, viroboto huhamia kwa binadamu. Mgonjwa hupata homa kali ya ghafla na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapani au shingoni, na ugonjwa ukiingia mapafuni huambukiza kwa kikohozi. Leo dawa za antibiotiki huutibu ukiwahiwa. Mwaka wa 1930 dawa hizo hazikuwepo. Aliyemshika mgonjwa wa tauni alijua anachokishika.

Miongoni mwa walioanguka alikuwamo mwalimu wa shule ya misheni. Inasimuliwa kwamba mwalimu huyo na Sista Irene hawakuwa wakielewana, kwa kuwa alikuwa ametaka kuchukua nafasi yake shuleni. Kama Sista angetuma mtu mwingine, au angesubiri, hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda mwenyewe, akamuuguza, na mwalimu akafa akiwa mikononi mwake. Siku chache baadaye homa ikampata yeye pia. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na umri wa miaka 39.

Wakazi watauliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini jarida la Serikali ya Kaunti liandike habari za mtawa wa Kikatoliki. Nyeri ina Wapresbiteri wa Tumutumu, ina Waanglikana, ina Waislamu wa Majengo, ina makanisa huru yaliyozaliwa na mzozo ule wa 1929. Historia ya kila mmoja wao ni historia ya kaunti. Lakini kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na kazi za kila siku. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, zahanati, vituo vya afya na elimu ya chekechea viko mikononi mwa kaunti. Na kazi ya kutembea boma kwa boma kuwatazama wagonjwa ina watu wake: wahudumu wa afya ya jamii, ambao nchini kote ni takriban 100,000 na walikabidhiwa rasmi vifaa vyao Septemba 2023. Kwa wastani kila mmoja hutunza nyumba 100. Katika mkoba wake mna kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari na cha joto la mwili. Posho yake si kubwa. Yeyote anayemwona jirani yake akipita na mkoba huo juani, kisha akamfungia lango kwa kudhani ni mchuuzi, afikirie tena.

Na kwa wenye ghala za mahindi: panya wakianza kufa ovyo nyumbani bila kutegewa sumu, msiwaguse kwa mikono mitupu. Mwiteni mhudumu wa afya au mtoe taarifa kwenye zahanati.

Parokia yenyewe haikufa na Nyaatha. Jimbo la Nyeri lilitangazwa kuwa dayosisi mwaka wa 1953, katikati ya Hali ya Hatari, wakati familia moja iliweza kuwa na mwana msituni na mwingine kwenye kambi ya homugadi. Lilikuja kuwa jimbo kuu mwaka wa 1990. Lakini maisha ya parokia hayaonekani katika tarehe hizo. Yanaonekana katika jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970: nyumba chache za mtaa mmoja hukutana kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, zikasoma Injili, zikanywa chai, zikachanga. Mtu akilazwa, jumuiya ndiyo hujua kwanza. Akifa, jumuiya ndiyo hufika na sufuria, kuni na viti kabla ya hema kusimamishwa. Jumapili ya mavuno, baada ya misa, ndizi, kuku, viazi na maziwa hupigwa mnada uwanjani, na mkungu mmoja unaweza kununuliwa na kurudishwa mezani mara tatu kabla haujapata mwenyewe. Anayetaka kujua bei halisi ya kuku Mukurwe-ini asiulize siku hiyo.

Tarehe 23 Mei 2015, umati mkubwa ulifurika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, Sista Irene alipotangazwa kuwa Mwenyeheri. Ibada iliongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, kwa niaba ya Papa Fransisko. Mwujiza uliokubaliwa na Kanisa ulitokea mbali na Kenya, huko Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makatekista na watu wa kijiji, zaidi ya 200, walijikuta wamezingirwa kanisani kwa siku kadhaa bila maji isipokuwa yale machache ya kisima cha ubatizo. Walimwomba Nyaatha. Maji yaliwatosha wote. Siku ya ibada ya Nyeri wengi waliona duara la mwanga kuzunguka jua. Wataalamu wa hewa husema duara hilo hutokana na chembe za barafu katika mawingu ya juu, na waliokuwapo watawaambia walichokiona. Kila mmoja abaki na neno lake. Mabaki ya Sista sasa yamo katika Kanisa Kuu la Konsolata mjini Nyeri, na kumbukumbu yake huadhimishwa kila tarehe 31 Oktoba.

Kuna urithi mwingine wa misheni ambao huzungumzwa mara chache, nao ni vitabu. Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia iweke rejista za ubatizo, ndoa na vifo. Kwa wazee waliozaliwa nyumbani kabla ya kuandikisha uzazi kuwa jambo la kawaida, mstari mmoja katika rejista ya ubatizo huenda ndiyo maandishi ya kwanza yanayotaja jina lao, la baba na la mama. Watu wengi wamepata vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vilivyochelewa kwa msaada wa kadi ya ubatizo, na kesi za urithi wa shamba zimewahi kumrudisha mtu kwenye ofisi ya parokia kutafuta mwaka ambao babu alifunga ndoa. Rejista hizo ni karatasi. Mchwa huzila, unyevu huziharibu, na wanaojua kuusoma mwandiko wa mapadri wa zamani wanapungua.

Kwa hiyo, aliyepoteza kadi yake asikate tamaa. Aende kwenye ofisi ya parokia alikobatizwa, si ile anakosali sasa. Abebe jina lake kamili la ubatizo, majina ya wazazi, jina la msimamizi wake wa ubatizo ikiwa analikumbuka, kigango alikobatiziwa, na mwaka, hata kama ni wa kukisia. Kama shangazi au nyanya bado yuko hai, aende naye. Yeye ndiye atakayekumbuka kwamba ilikuwa Pasaka, si Krismasi, na karani ataokoa kurasa mia mbili.